Pasi ya Wifi

Jumanne, 2 Septemba

Nimemaliza! Nimemaliza, nimemaliza! Fundo la mwisho nimelifunga leo kabla ya chakula cha mchana, na kwa furaha nimekata uzi kwa meno, jambo nililokatazwa tangu utotoni. Mama ameniona. Hakunikemea. Siku kubwa hii.

Kitambaa nimekitandika kitandani na kimezidi kitanda. Mtaa wetu mzima umo: nyumba, ngazi, duka la kona, paka wa jirani kalala juu ya ukuta, kamba ya nguo iliyojaa vishati vidogo kama kucha, Mama dirishani akichungulia mambo ya watu. (Amekana. Lakini shingo ni yake.) Anga peke yake nusura initoe macho. Mchana nashona pazia na sare za watu, hiyo ndiyo kazi inayotulisha, jioni natarizi anga. Watu wanasema kwani anga si bluu tu? Waje wakae watarizi wao.

Maonyesho ya kazi za mikono ni Jumamosi ya tarehe 27, ukumbi wa maktaba. Mara yangu ya kwanza kazi yangu kutundikwa mahali ambapo mtu hawezi kuja kujifutia mikono.

Kimebaki kitu kimoja tu: pasi. Kitambaa kimekaa kwenye fremu hadi kimejikunja pembe zote, na mimi mwenyewe sithubutu. Nimekipeleka kwa Wifi. Yeye ni mke wa kaka, lakini kabla ya kuwa wifi alikuwa shoga yangu. Tulikaa benchi moja kwenye mafunzo ya ushonaji. Yeye akagundua anapenda kunyoosha kuliko kushona, mimi nikamkaribisha nyumbani kula, kaka akamwona, ikawa harusi. Nilijitakia mwenyewe. Sasa ana duka lake la dobi, na juu ya mlango kaandika kibao: HAPA HAKIUNGUI KITU. Na kweli! Tangu afungue hajaunguza hata soksi. Na pasi yenyewe ni lile dude zito la zamani, ncha ilikatika siku lilipoanguka sakafuni. Ukimwambia anunue nyingine anasema hii wameshazoeana.

Nikamwambia: piga kwa ndani, weka kitambaa kibichi juu yake. Akanitolea macho. Wifi, unanifundisha kazi? Tukacheka mpaka wateja wakageuka.

Ijumaa, 5 Septemba

Kimerudi! Kaleta mwenyewe, ndani ya mfuko wa plastiki, kimefungwa utepe. Utepe! Kwa wateja wengine anatumia kamba ya katani.

Kanisihi nisikifungue mpaka siku ya maonyesho, kisije kikashika vumbi. Kasema mara ya kwanza kwa kucheka na mara ya pili bila kucheka. Mama alikuwa na jirani sebuleni, akamtambia papo hapo: huyu ndiye mkwe wangu, mkono wake haujawahi kuunguza kitu. Wifi akasema ana haraka. Chai hakunywa. Wifi! Chai! Nimemfahamu miaka yote hii na sijawahi kuona chai ikimiminwa akaondoka.

Labda anaumwa jino.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimekifungua.

Haki ya Mungu, nimekifungua na nimekaa chini sakafuni.

Shimo. Pembeni mwa kamba ya nguo, anga yote ya upande ule. Kahawia ukingoni, jeusi ndani, katikati hamna kitu, naona vidole vyangu. Na umbo lake! Mtoto wa chekechea angelijua: pasi. Pana nyuma, nyembamba mbele, na ncha imekatika.

Na kakikunja vizuri ili shimo liwe ndani kabisa. Kakunja kwa ustadi. Utepe!

Jumapili, 7 Septemba

Chakula cha Jumapili, kama kawaida. Kaka na Wifi walikuja mapema. Nilijiapiza kutosema kitu. Aseme yeye. Mdomo ni wake, pasi ni yake.

Hakusema. Alisema mengine yote! Jua, bei ya sabuni, mteja mwenye suruali yenye mifuko ndani ya mifuko. Alicheka kabla mzaha haujaisha. Halafu akaenda kuosha vyombo, akaosha na vile visafi vilivyokuwa kabatini. Nilimfuata jikoni nikasimama mlangoni.

"Wifi, kitambaa kilinyooka?"

"Kilinyooka, wifi yangu. Kimetulia kama maji mtungini."

Hakugeuka. Sahani aliyokuwa anaifuta ilikuwa kavu zamani. Nikarudi mezani nikala, na chakula hakikuwa na ladha, na Mama akauliza nani kanuna.

Hakuna aliyenuna, nikasema. Huku nimenuna.

Jumatatu, 8 Septemba

Damu inanichemka. Kuunguza ni ajali, ningelia siku mbili yakaisha. Lakini kunikunjia! Kunifungia utepe! Alitaka nikifungue ukumbini, mbele za watu? Au alitaka nini? Hata yeye nadhani hajui.

Nilikuwa nashona sare ya shule huku nafikiri, nikashona mfuko nje ndani. Nikaufumua. Na pale kwenye kufumua likanijia wazo, tena wazo tamu kweli. Kwa nini nizibe? Nani kasema nizibe?

Nimetoa uzi mwekundu, ule mzito wa kung'aa. Nimelizunguka shimo lote, mshono mnene mnene, pembe kwa pembe, hadi ile ncha iliyokatika nimeitarizi kwa uangalifu mkubwa kuliko chochote nilichowahi kufanya. Nyuma ya shimo nimebandika kitambaa cheusi. Sasa ukisimama mlangoni huoni mtaa, huoni paka, huoni Mama. Unaona pasi.

Inapendeza! Mungu anisamehe, inapendeza. Nimeshona huku naimba.

Alhamisi, 11 Septemba

Bi Miwani kaja kuona kazi. Ndiye msimamizi wa maonyesho. Ana miwani ya kuonea karibu machoni na ya kuonea mbali kichwani, na siku zote anatafuta mojawapo. Nilimfunulia kitambaa, akabadilisha miwani, akarudi nyuma hatua kadhaa, akagonga kiti.

Kafurahi mno. Kasema hicho ndicho kitakachokaa mbele, mkabala na mlango. Kasema maneno mengi mazuri ambayo sikuyashika yote, ila haya nimeyashika: kazi iliyoharibika ikatengenezwa upya ni msamaha unaouona kwa macho. Fundi anayeshona jeraha lake hadharani ameshasamehe. Akaniuliza si ndivyo?

Nikaitikia kwa kichwa. Mnafiki wa kupindukia mimi! Mshono ule hauna msamaha hata wa kuchovya kidole.

Kapiga picha kwa ajili ya bango. Mbele, mkabala na mlango! Mama kaandaa chai, Bi Miwani kanywa vikombe viwili na kusahau miwani moja. Mama hajakiona kitambaa tangu kirudi. Anasema anga inamchosha, atakiona siku yenyewe.

Jumamosi, 13 Septemba

Mabango yametoka. Kila ukuta, mpaka mlango wa duka la kona. Kitambaa changu, kikubwa, na pasi nyekundu katikati kama jicho.

Nilisimama dukani kununua uzi mweupe. Nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wanalitazama bango. Mmoja akasema ile ncha mbona anaifahamu, si ndiyo pasi ya yule dobi, ile ya kibao? Mwenzake akacheka hadi akashika ukuta. Kumbe hapo kinaungua! Akasema ana gauni lake la harusi ya mdogo wake pale, anaenda kulichukua leo leo, kabla halijawa sanaa.

Hilo la mwisho lilikuwa la kuchekesha. Sikucheka. Nililipa nikaondoka, chenji nikaiacha.

Nimepitia njia ya dukani kwake, upande wa pili wa barabara, kama mwizi. Mlango wazi. Kibao hakipo. Misumari miwili imebaki.

Nilitaka aumie. Ameumia. Nilidhani nitajisikia vizuri zaidi ya hivi.

Jumapili, 14 Septemba

Wifi hakuja kula.

Kaka kaja peke yake, na shati lenye mikunjo. Kaka! Mtu ambaye hata pajama lake lina mstari! Mama kamtazama kutoka kola hadi pindo, akashika tama.

Alikula nusu, akanifuata uani nilikokuwa naanua nguo. Sikuwahi kumwona kaka anatafuta maneno, kwa kawaida huwa anatafuta chumvi tu. Akasema: mdogo wangu, mimi siingii ya wanawake. Halafu akaingia.

Ilikuwa hivi. Wifi alikuwa anapiga kwa ndani, na kitambaa kibichi, kama nilivyomwambia. Alipomaliza nusu akataka kuona picha. Akakigeuza. Akaanza kutafuta watu. Akamwona paka, akamwona Mama, akacheka peke yake dukani. Halafu akaiona kamba ya nguo, na chini ya kamba akamwona mwanamke mdogo mwenye beseni, na skafu ya njano. Skafu yake. Akainama kuangalia kama kweli nimemtia na kipini puani. Nilimtia. Pasi alikuwa ameiweka chini, papo hapo, juu ya anga yangu. Mtu asiyewahi kuweka pasi chini! Aliinama anajitazama kwenye kitambaa, na harufu ikamfikia.

Kasema alilia hadi duka likafungwa kabla ya wakati. Kasema ile Ijumaa alikuja kusema. Alikuwa na maneno yote njiani, kayarudia mpaka mlangoni. Akamkuta Mama anamsifia kwa jirani, ulimi ukamganda.

"Na sasa hashiki pasi," kaka kasema. "Anasema mkono unatetemeka. Wateja wanakuja kuchukua nguo zao mbichi."

Nimeendelea kuanua nguo. Nimeanua hata zilizokuwa hazijakauka.

Jumatatu, 15 Septemba

Nina haki au sina? Ninayo. Kaniharibia kazi, kaficha, kadanganya na maji mtungini juu yake. Hajaomba msamaha mpaka leo. Nimsamehe mtu ambaye hajaomba? Utaratibu huo kaanzisha nani?

Mama kaingia chumbani bila hodi, kwa kuwa nyumba ni yake. Kaona kitambaa kwa mara ya kwanza tangu kirudi. Kasimama muda mrefu. Nilidhani atasema kuhusu shingo.

Kasema: mwanangu, umeshona vizuri sana. Hasira imekaa sawasawa kabisa, haina hata kona iliyopinda.

Nikamwambia Mama hujui alichofanya. Akasema anajua, kaka kamwambia tangu jana, na yule ni mkwe wake, angemkuta jana angemkemea mpaka aombe maji. Lakini yeye Mama anataka watu wake mezani Jumapili. Jana sufuria limebaki nusu, kala chakula kilekile jioni na leo asubuhi, na hataki kukila tena. Basi. Hiyo ndiyo hotuba yote. Akaenda kuchungulia dirishani.

Nimekaa natazama nyekundu yangu. Inang'aa vilevile. Sina hamu nayo tena.

Jumatano, 17 Septemba

Nimefumua.

Kufumua kunachosha kuliko kushona. Nyekundu ile niliikaza kweli, kila mshono ulikuwa na roho yake, na kila mmoja umeacha kitundu. Kwa hiyo sasa lipo shimo lake, na kulizunguka vipo vitundu vyangu. Nimeviona.

Kisha nimekata makaa yote, kile kitambaa kilichokauka kinachovunjika ukikigusa. Shimo limekuwa kubwa zaidi. Hapo nililia kidogo, kisha nikaacha kwa sababu machozi yanatia doa.

Natililia. Unapeleka nyuzi za wima kwanza, karibu karibu, halafu za ulalo, chini juu, chini juu, mpaka nyuzi zenyewe ziwe kitambaa. Tatizo ni kwamba huwezi kuanzia ukingoni. Ukingo ulioungua haushiki uzi, ukivuta unakatika. Lazima uanzie mbali, kwenye kitambaa kizima, mahali ambapo moto haukufika hata kidogo, ndipo uje. Kwa hiyo kiraka kinameza na sehemu ambazo hazikuwa na kosa. Nilitililia hata chini ya miguu ya yule mwanamke mwenye beseni.

Uzi nimetumia mweupe. Bluu za anga ziliisha, na dukani hawana zilezile, wana bluu ya shule tu. Basi iwe nyeupe. Inakaa karibu na kamba, itakuwa shuka limeanikwa. Shuka kubwa, limejaa upepo.

Subana siioni, kidole kimetoboka mahali patatu. Bi Miwani alisema habari za msamaha kwa maneno matamu kabisa. Hakusema kuhusu mgongo.

Ijumaa, 19 Septemba

Leo nimekwenda kumwambia Bi Miwani. Nilijiandaa njia nzima. Nikamwambia nimeifumua ile nyekundu, na ningependa mabango yaondolewe.

Alivua miwani zote mbili.

Mabango hayaondoki, yameshachapwa, hakuna mengine. Kasema ile ya kwanza ilikuwa inaongea! Nikasema ndiyo, ilikuwa inasengenya. Akaniangalia. Nikamweleza kidogo, bila kutaja mtu, nikasema tu kwamba kuna mtu anapita mbele ya mabango yale kila siku akienda kazini. Akasema basi niweke kiraka na kwenye mabango, kama nina nguvu.

Ninazo! Nimekata karatasi, nimeandika kwa maandishi makubwa KARIBUNI NYOTE, nimekoroga gundi ya unga, nimezunguka mtaa mzima nabandika juu ya pasi. Kila ukuta. Watu wanauliza wewe unafanya nini, nasema natangaza. Kwenye duka la kona nilibandika upande, nikabandua, nikabandika tena. Gundi mpaka kwenye nyusi. Nikafika bango la ukuta unaotazamana na duka la Wifi. Lilikuwa limeshabanduliwa pembe moja, kama mtu kaanza akaona aibu akaacha. Nilibandika haraka. Sikugeuka nyuma kuona kama yumo.

Yumo. Niliona viatu vyake chini ya pazia wakati nafika.

Jumapili, 21 Septemba

Hakuja tena. Kaka na shati la kufumwa, lisilohitaji pasi. Kajiongeza.

Nimemaliza shuka. Nimemwita Mama aje aone. Kaegemea mlango, kafumba jicho moja.

"Ng'ombe huyu anafanya nini kwenye kamba?"

Si ng'ombe! Ni shuka! Kaka naye kaja, kasema anaona ng'ombe, tena mwenye mimba. Tumecheka mpaka Mama akakaa kitandani. Halafu kwa pamoja tukanyamaza, kwa sababu anayecheka kwa sauti kubwa kuliko wote katika nyumba hii hakuwepo.

Namkumbuka. Nimeandika. Namkumbuka yule mwongo.

Jumatatu, 22 Septemba

Bi Miwani kaja na miwani tatu. Kakiangalia kitambaa karibu, kakiangalia mbali. Kapitisha kidole juu ya nyeupe, kataka kujua hizi nyuzi zinaanzia wapi, nikamwonyesha: hapa, na hapa, mbali na shimo. Akasema ehee. Akasema ehee mara nyingine.

Lakini mbele hakikai tena. Mbele kinakaa chombo cha udongo cha mtu mwingine, kikubwa, kina mikono. Changu kinakwenda ukuta wa nyuma, karibu na swichi ya taa. Kasema pole, lakini mtu akiingia anahitaji kitu cha kumshtua.

Nimesema sawa. Si sawa! Miezi yote ile, karibu na swichi! Watu watakuwa wananiegemea wakiwasha taa. Nimeudhika, na nimeudhika zaidi kwa kuwa sina wa kumlaumu, nyekundu nimeifumua kwa mikono yangu. Nilidhani ukifanya jambo jema unapewa angalau dirisha.

Alipokuwa anatoka akageuka mlangoni. Kasema hii sasa ndiyo aliyokuwa anaisema siku ile. Nikamuuliza mbona basi iko kwenye swichi. Akacheka, akasema kusamehe hakuvutii watu mlangoni.

Anachosema ni kweli. Inaudhi.

Alhamisi, 25 Septemba

Balaa. Nyuzi zimevuta.

Nililijua hilo na nikajifanya hamnazo. Kiraka kikitoka kwenye fremu kinajikusanya, kinakunja uso, na anga yote inakunja nayo. Shuka limekuwa kama karatasi iliyofinyangwa. Mama kasema sasa ng'ombe ana njaa. Kinataka pasi, na si pasi ya kupitisha tu. Kinataka mvuke, kitambaa kibichi, mkono mzito unaojua kubonyeza bila kusukuma, maana ukisukuma nyuzi mpya zinahama. Mimi sina mkono huo. Pasi ya Mama inatema kutu.

Kuna dobi mwingine kule sokoni. Wana mashine, wanaandika namba kwenye kola. Nimefika mpaka mlangoni kwao leo mchana. Msichana wa kaunta kanyoosha mkono akipokee. Mikono yangu haikuachia. Kavuta, nami nimevuta. Nikamwambia samahani, nimekosea duka.

Kesho kutwa ni maonyesho. Bi Miwani anataka kitambaa kesho kabla hawajafunga ukumbi.

Ijumaa, 26 Septemba

Naandikia hapa hapa, kwenye benchi la wateja, daftari juu ya goti. Sijui nifanye nini na mikono, ndiyo maana.

Nimeingia, nimekuta duka tupu. Mashubaka yale yaliyokuwa yanajaa, sasa mashati matatu na taulo. Kibao kimelazwa chini, kimegeukia ukuta. Wifi alikuwa amekaa nyuma ya meza, amejifunga ile skafu ya njano, anafunga na kufungua kifuniko cha chupa ya maji. Kaniona, kasimama. Kaona nilichobeba, kakaa.

"Wifi, karibu."

"Ahsante, wifi. Nimeleta kazi."

"Sipigi siku hizi."

"Najua."

Nimetandika kitambaa mezani mwenyewe. Nimetandika uso juu. Nilitaka akione. Mwanzoni hakutazama, alitazama mlango. Halafu akatazama. Akaanzia mbali, kwa paka, akaja kwa Mama, akaja taratibu kwenye kamba. Akafika kwenye nyeupe. Akaweka kiganja juu yake, kikafunika nusu yake.

Nilikuwa na maneno. Nami nilikuwa nayo tangu nyumbani, mazuri, yenye mpangilio. Yameniishia yote. Nikasema tu:

"Mama anasema ni ng'ombe."

Kakaza mdomo. Mabega yakaanza. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, ile yake ya kukosa pumzi, anapiga meza. Ana mimba, akasema, wifi, ng'ombe ana mimba! Nikasema hata kaka kaona. Tukacheka mpaka mtu aliyekuwa anapita akachungulia. Kisha kicheko chake kikaisha na kile kingine kikabaki peke yake. Nikaenda kukaa kwenye benchi, nikatoa daftari hili, kwa sababu kuna mambo mtu anataka kuyafanya bila kutazamwa.

Kasema nimpelekee mwingine. Nikasema nimefika kwa mwingine, mikono ikagoma. Kasema mkono wake unatetemeka. Nikasema kitambaa kimeshaungua, kimeshafumuliwa, kimeshaitwa ng'ombe, hakina la kuogopa.

Gari limepita. Kifuniko cha chupa, funga, fungua.

Sasa kainuka. Kachomeka waya. Pasi ni ileile! Nilidhani kaitupa. Ameiweka wima juu ya tofali. Analowesha kitambaa cheupe, anakikamua, anakikamua tena, maji yameshaisha naye anakamua. Amekigeuza kitambaa changu upande wa ndani, kafika kwenye kiraka na kagundua vitundu vya nyekundu, vinaonekana zaidi kwa ndani. Kavipapasa kwa kidole, kimoja kimoja, vinavyochora ile ncha. Kaniangalia. Nimemwangalia. Basi na yeye ameviona vyangu.

Pasi imeiva. Anadondoshea tone la maji, linaruka. Kaijaribu kwenye pindo la aproni yake mwenyewe kwanza, kaangalia, kanusa. Mkono unatetemeka kweli, naona kutoka hapa, waya mzima unatikisika.

Kainyanyua. Iko juu ya anga yangu, haijashuka.

Kasema wifi, njoo unishikie upande huu, kisisogee. Nimesema nakuja. Kasema na hiyo kalamu iweke kwanza, kuna neno nataka nikuambie kabla sijaishusha, na nikiambiwa subiri tena sitaweza. Nimesema nakuja, nakuja, naweka